Hodi ya Gari la Maji

Mimi ni mtu wa ndani. Nasema mapema ili msomaji asije akanitegemea kwa habari za safari. Miaka yote hiyo nimekaa Darsait, nyumba ile ile, juu ya duka la mafundi wa viyoyozi, na Maskati yangu ilikuwa kile kipande kinachoingia dirishani. Hata njia ya Qurayyat, alikokaa mama mkubwa aliyenilea, naijua kwa kichefuchefu tu. Kona zikianza nafumba macho, nikifumbua tumefika, mtu ananipa ndimu ninuse.

Kwa hiyo watu wakishangaa kwamba mwanamke mwenye cheti cha thanawiya cha alama za kujikongoja, asiyejua kuvuka barabara ya Ruwi bila kushikwa mkono, ndiye aliyeandika mfumo wa magari ya maji ya kaka yake, mimi sishangai. Mtu asiyetoka hana budi kufanya kitu. Wengine wanafuma. Mimi nilinunua kitabu kinene cha Kiingereza, nikajifungia nacho, nikajifunza Python.

Kaka yangu, tumbo moja, alikuwa na yadi ya magari ya maji Wadi Kabir, katikati ya magereji. Siku moja alikuja kula mchana kwetu, akanawa, akakaa, akaanza kwa mbali kama kawaida yake.

"Wewe si unashinda na hiyo kompyuta?"

"Nashinda nayo, sijaolewa nayo."

"Ungeolewa nayo tungekula pilau. Sasa sikiliza. Hoteli wanataka kompyuta yao iagize maji yenyewe kwenye kompyuta yangu. Wanaita API. Unaijua?"

Nilikuwa naijua. Yeye alikuwa haijui, na hakuijua mpaka mwisho, ila alipata kuieleza mbele za watu kwa ufasaha mkubwa. Mimi nitaieleza ilivyo. API ni dirisha la nyumba ya watu wenye stara. Unakuja kwa nje, unabisha kwa namna iliyopangwa, unasema shida yako kwa maneno yaliyopangwa, mkono unatoka na jibu. Huchungulii ndani kuna nani wala kavaa nini. Programu ya hoteli inabisha: nataka gari moja la maji, mahali fulani. Programu yangu inajibu: ombi limepokewa. Khalas. Na Python ina kiunzi chake cha kazi hizo, kimemfaa sana mvivu kama mimi, maana nguzo na paa unazikuta zimesimama. Wewe kazi yako kutoboa madirisha.

Nikayatoboa. Nikayapandisha kwenye seva ya kukodi, huko ng'ambo, mashine ambayo sijaiona na haijaniona, na tulisikilizana vizuri kuliko nilivyosikilizana na jamaa zangu wengi. Hoteli wakawa wanaagiza kwa programu yao, na watu wa majumbani kwa ujumbe wa simu, wote kupitia dirisha lile lile.

Halafu kaka akaja na adabu yake.

Shida ilikuwa ya kweli, simnyimi haki yake. Gari linafika nyumbani kwa mtu, mwenyewe hayupo au keshanunua kwa mwingine, maji yanarudi Wadi Kabir yalivyokwenda. Kaka akataka dereva, kabla ya kutoka yadini, apige simu kwa mwenye nyumba na asikie sauti yake. Akijibiwa, atume moja kwa ujumbe. Asipojibiwa, atume mbili. Ujumbe unaingia kwenye mfumo wangu, na mfumo unaamua.

"Mara tatu," kaka akasema. "Kama hodi. Umebisha hodi tatu hujajibiwa, geuka urudi. Si ndivyo tulivyolelewa?"

Ndivyo. Nikaandika hivyo. Mbili ya tatu ikiingia, ombi linafutwa. Kaka akaipenda mno. Akawa anawaambia wateja, kifua mbele, "Mfumo wetu umelelewa." Yaani mimi niliyeulea huo mfumo sikutajwa, ila malezi yake yalisifiwa mji mzima.

Mwaka uliofuata, joto lilipokuwa linaanza, mume wa mama mkubwa akafariki. Tukaenda Qurayyat, nikatapika njiani kama desturi, tukakaa azaa, ndiyo matanga. Siku zile maji hayakuwa shida, maana kaka aliyapeleka mwenyewe, magari yamepanga foleni mbele ya msiba mpaka watu wakasema kijana huyu ana heshima. Azaa ikaisha, masinia yakarudishwa kwa wenyewe, watu wakatawanyika. Mama mkubwa akabaki ndani, kizuka, miezi minne na siku kumi mbele yake, pamoja na dada mmoja wa kazi kutoka Tanga, mgeni kabisa, Kiarabu chake kimeishia kwenye salamu.

Mama mkubwa hakuzaa. Mimi ndiye niliyekuwa mtoto wake. Na eda yake aliikaa kama walivyoikaa wa zamani: haonekani na mwanamume asiyekuwa maharimu wake, wala sauti yake haisikiki. Wapo wanaosema sauti ya dharura haina neno. Mashekhe washasema. Lakini mama mkubwa hakuwauliza mashekhe. Alimwuliza mama yake, aliyekwisha kufa zamani, na jibu likawa lile lile.

Sasa fikiri. Nyumba yao haina bomba. Ombi la maji linaingia lenyewe kila wiki kwa namba ya marehemu, na simu ya marehemu anayo mama mkubwa, kaiweka pembeni ya mto wake. Dereva, Mpathani mmoja wa Pakistani, mtu mzima, anapiga. Mama mkubwa anaitazama inalia. Anamwita yule dada. Dada anaipokea kwa Kitanga, na Kitanga bila salamu hakiendi: hujambo baba, umeamkaje, za huko utokako, watoto hawajambo, mama yao je. Mpathani anasikiliza mto wa maneno asiyoyajua, anadhani kakosea namba, anakata. Mbili. Anapiga tena. Dada anaanza upya, maana salamu zilikatwa hazijafika nusu. Mbili. Na mara ya tatu.

Ombi limefutwa: hakuna jibu.

Mama mkubwa akanipigia mimi. Hakulalamika, na hilo ndilo lililonichoma. Akauliza habari za chakula, habari za kifua changu, kisha akasema, "Mwanangu, maji hayajaja. Kaka yako kaghadhibika na mimi?"

"Hapana, mama. Kwa nini aghadhibike?"

"Sijui. Nnasema labda kwa kuwa mwenyewe hayupo tena."

Nna hasira mpaka leo nikiyaandika maneno hayo. Mwanamke kafiwa, kajifungia, anahesabu nani kamkumbuka na nani kamsahau, halafu programu, mistari niliyoiandika mimi nikila karanga, inakwenda kumwambia kwamba kwa kufa mumewe naye keshafutwa.

Nikampigia kaka. Akacheka kidogo, akapeleka gari siku ile ile kwa hisani. Wiki ya pili, hakuna jibu, limefutwa. Nikapiga tena, akapeleka, hakucheka. Wiki ya tatu akaniambia, "Sasa kila wiki mimi niendeshe biashara kwa maneno ya simu? Mfumo si umeandika wewe?"

"Mkono wangu, mdomo wako. Nipe ruhusa nyumba ile isipigiwe simu. Gari liende tu."

"Nikimfungulia mmoja, kesho kila mtu ana shangazi yake."

"Basi niandike namba yangu. Wanipigie mimi."

"Na dereva akipotea utamwongoza wewe?"

Nilijua ananitania, nikakasirika, na kwa hasira nikakubali. Huko nyumba hazina namba anayoijua mtu. Unaelekezwa kwa mtende, kwa ukuta, kwa mlango wa rangi fulani. Dereva siku hiyo alikuwa mwengine, akanipigia toka njiani, nami nikamwelekeza kwa kujiamini kote alikonako mtu aliyepita hapo amefumba macho. Gari la maji likaishia katika shamba la mitende la watu. Mwenye shamba akafurahi sana, akafungua mfereji wake. Kaka aliisimulia hadithi ile kwenye harusi mbili, na alinipigia kwa makusudi kuniambia watu walicheka wapi.

Mara ya mwisho tulipozungumza juu ya jambo hilo aliniambia, taratibu, kama anayemfundisha mtoto: "Mwambie mama mkubwa aseme na'am. Moja tu. Mwenyezi Mungu ni mwingi wa rehema."

"Mwenyezi Mungu ni mwingi wa rehema," nikamwambia, "wewe ni mwingi wa magari."

Nikamkatia.

Hebu uone uchungu wake. Yule Mpathani nyumba keshaijua, kwa zile safari za hisani. Mimi naijua, japo kwa kufumba macho. Kaka kaijua toka utotoni, kala mikate ya humo. Wote tunajua kwamba ndani mna mtu na mtu huyo anataka maji. Asiyejua ni mfumo peke yake, ule uliolelewa. Unabisha hodi tatu za adabu kabisa, haujibiwi, unageuka na maji yake, unamwacha mjane anatia udhu kwa birika. Mama mkubwa aliniambia habari ya birika kama sifa. "Birika moja lanitosha, alhamdulillahi, na linabaki la kumwagia rihani." Rihani zake alizipanda kando ya mfuniko wa tangi. Zilikuwa zimekauka. Dada wa Tanga ndiye aliyeninong'oneza hilo simuni, na alinong'ona pia kwamba nguo wanafua kwa jirani.

Siku hiyo nilizunguka chumbani kama kuku anayetaka kutaga. Kumtukana kaka nilikwisha, na matusi yangu ni ya nyumbani, hayafiki mbali. Nikakaa nikaifungua programu, pale penye moja na mbili, nikapatazama kwa chuki. Amejibu. Hajajibu. Nani aliyesema dunia ina majibu mawili?

Ndipo nikakumbuka mlango wa nyumba ile. Tulipokuwa wadogo, mume wake akiwa kazini, mgeni mwanamume akija kubisha hodi, mama mkubwa hakutoa sauti wala hakunyamaza. Aligonga. Alikuja nyuma ya mlango akagonga ubao kwa pete yake: ko, ko, ko. Mgeni anaelewa papo hapo: watu wamo, mwenyewe hayupo, wa haja ya lazima aache haja yake kizingitini. Hakuna aliyefundishwa. Kaka alikuwa anacheza marumaru nje ya mlango huo huo.

Nikampigia mama mkubwa.

"Mama, simu ya marehemu ikilia, unaweza kuibonyeza ukaiweka sikioni bila kusema?"

"Niiweke sikioni nifanye nini, bila kusema?"

"Ugonge. Kwa pete, pale pa kusemea. Kama mlangoni."

Nikamsikia anacheka, mara ya kwanza toka msiba. "Wewe mwana we! Na huyo mwanamume atafahamu?"

"Nitamfahamisha."

"Basi ntagonga mpaka itoke betri."

Kumfahamisha ndiko kulikokuwa na kazi. Agizo linamfika dereva kwa ujumbe ambao mfumo wangu unautuma, kwa hiyo nilikuwa na nafasi ya kuongeza maneno mawili matatu, lakini kwa lugha gani? Yeye Kihindi anakisikia, lakini Kihindi changu chote nimekipata kwenye filamu. Nikakiandika kwa herufi za Kizungu. Nadhani ujumbe ule, ukiutafsiri kwa usahihi, ulisema: ewe, mwenye nyumba hii hawezi kusema, moyo wake una huzuni, lakini atagonga, na ukisikia kugonga kwake usiondoke, tuma tatu. Yule Mpathani atakuwa dereva wa kwanza Wadi Kabir kuagizwa tangi la maji kwa lugha ya wapenzi waliotenganishwa na wazee.

Kuongeza jibu la tatu ndani ya programu ilikuwa rahisi. Kiunzi kile kina wema huo: unakiambia majibu yanayokubalika ni haya, nacho kinayakataa mengine yote. Nikaweka *amejibu*, *hajajibu*, na *amegonga*. Amegonga ihesabiwe kama amejibu. Nikaijaribu kwenye kompyuta yangu, ikakubali.

Kaka alikuwa ameniambia nisiguse kitu asubuhi ya kesho yake. Wageni wa kampuni kubwa ya kusimamia majumba walikuwa wanakuja yadini kuutazama mfumo, na kama wakiupenda programu yao itaungwa na yetu. "Kaa karibu na simu," aliniambia, "na mikono weka magotini." Lakini asubuhi hiyo ndiyo ilikuwa siku ya maji ya Qurayyat. Mikono haikukaa magotini.

Nikapandisha. Katikati ya kupandisha, mtandao ukakatika, maana nyumba yetu ilikuwa na waya mmoja na fundi mmoja wa viyoyozi chini aliyekuwa na tabia ya kuutingisha. Nusu ya mafaili yameingia, nusu yamebaki Darsait. Mfumo mzima ukafa. Kila dirisha, ukibisha, linatoa kosa. Simu ikalia hapo hapo.

"Mbona haifunguki? Watu washakunywa kahawa."

"Waongeze halua."

"Umegusa?"

"Waongeze halua, kaka."

Nikateremka ngazi na kanga kichwani, mimi nisiyeteremka, nikamwambia yule fundi maneno ambayo sikujua ninayo. Akauacha waya. Nikarudi juu pumzi hazipo, nikapandisha upya, nikauwasha upya. Ukaamka. Kaka akaiacha simu wazi mezani mwake, nia yake aniite likiharibika jingine, na hivyo nikayasikia yote kama aliyekaa nyuma ya pazia.

Akawaonyesha skrini. Huku agizo la hoteli, limejibiwa. Huku agizo la nyumba moja ya Ghubra, limejibiwa. Kisha sauti ya mgeni mmoja, Kiarabu cha taratibu:

"Na hii ya Qurayyat? Imeandikwa *amegonga*. Ni nini?"

Amegonga. Yule Mpathani, Mungu ampe maisha marefu, amefahamu. Nikategea sikio kumngoja kaka. Nikasema moyoni, haya sasa, jieleze.

Akajieleza. Bila hata kukohoa. Kwamba sisi ni watu wa stara, na biashara yetu ni ya stara. Kwamba katika nyumba zetu yupo mama aliyefiwa, hasemeshwi na mwanamume, basi je, naye akose maji? Haiwezekani. Huyo hugonga, kama mabibi zetu walivyogonga milango yao, na mfumo wetu unamfahamu. "Hili," akasema kaka yangu, "tulilifikiria toka mwanzo."

Wakamsifu. Mmoja akasema hajapata kuona kitu kama hiki kwenye mfumo wowote. Mimi nimekaa Darsait, kanga bado kichwani, jasho linanitoka, natamani waya wa simu ungekuwa mrefu wa kumfikia shingoni.

Jioni alipiga. "Hukuniambia umeongeza kitu."

"Uliniambia nisiguse."

"Limependeza, hata hivyo."

"Toka mwanzo," nikasema.

Akaona aibu, au niliiona mimi kwa kuwa nimeitaka. Lakini maji yakawa yanakwenda. Kila wiki, Qurayyat: amegonga. Mama mkubwa akaniambia dereva naye sasa akisikia pete anagonga kwake mara moja kabla ya kukata, "Ana adabu mtu yule, hakuna mtu kamfunza." Rihani zikachipua. Habari ya kughadhibikiwa hakuitaja tena, na mimi sikumkumbusha.

Eda ikaisha. Akaoga, akavaa, watu wakaja. Wiki iliyofuata simu ikalia, na mama mkubwa, aliyekuwa na maneno ya miezi minne kifuani, akaipokea kwa sauti. Dada wa Tanga alinisimulia. Hakumsalimu hata. Alimwanzia yule Mpathani kwa Kiarabu: mpira wake wa maji anauburuta juu ya rihani, yeye kamwona kwa dirishani toka mwanzo, mara ngapi, hana macho, kwao hakuna maua? Mpathani alisikiliza mpaka mwisho. Akatuma moja.

Siku chache baadaye kaka akanijia na kikombe chake cha chai. "Ile tatu iondoe sasa. Mama katoka eda, imekaa bure, inawachanganya madereva."

Hapo ndipo nilipokasirika kuliko siku zote, kuliko ile siku ya na'am.

"Kwani umeandikiana na Izraili?" nikamwuliza. "Keshamaliza? Mama mkubwa alikuwa wa mwisho?"

Akanywa chai yake. Akaondoka.

Sikuiondoa. Nikatoa tu zile habari za moyo wenye huzuni, nikaweka maneno ya kawaida, na tukaruhusu mwenye nyumba yeyote ajiandikishe kwamba atagonga. Miezi ikapita, hapana aliyeitumia, na kaka hakuchelewa kunikumbusha. Kisha asubuhi moja nimefungua skrini, chai pembeni, nikaona nyumba nisiyoijua, huko huko Wadi Kabir, nyuma ya magereji. Amegonga.

Nikasema inna lillahi kwa maiti nisiyemjua. Nikampigia kaka.

"Hilo gari la nyuma ya magereji litangulie."

"Kwa nini? Lipo la nne."

"Soma."

Nikasikia anapekua, anapumua. Halafu, simu bado wazi, nikamsikia anamwita dereva.